Ini Nililokula Mbele ya Baba Mkwe

Ninachokumbuka kwanza, mwanangu, ni harufu. Ini la ng'ombe linachomwa kwenye makaa, nami nimesimama upande wa wanawake na tumbo langu kubwa, mate yamenijaa mdomoni. Siku hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo kuna watu kule Bungoma wakisikia jina langu wanasonya. Waache wasonye. Mimi niko hapa, nimekaa kwenye kiti changu, nakunywa uji wangu, na wengi wa walionisonya nimekwenda kwenye matanga yao.

Kaa vizuri, Nafula. Usifiche mkono, udongo huo nimeujua. Umeununua sokoni Kachibora kwa yule mama wa vitunguu, na unautafuna polepole ukidhani kukhu wako, nyanya yako mimi, amekuwa kiziwi. Macho yangu ni mabovu, hilo kweli, lakini masikio ni mazima, na mtu anayetafuna mawe husikika. Na vile vidonge ulivyopewa kliniki nimevipata juu ya kabati, nyuma ya redio, vimeshika vumbi. Ati vinakuchafua roho. Sikugombezi. Au tuseme nitakugombeza, lakini kwanza nisikilize, maana hadithi hii ni yako pia.

Niliolewa bado msichana, nikatolewa kwetu Bungoma nikaletwa huku wakati ardhi yote hii, kutoka pale panapoitwa Kwanza mpaka chini ya milima ya Cherangany, ilikuwa mashamba ya wazungu. Babu yako Wafula alikuwa dereva wa plau ya ng'ombe kwenye shamba moja upande wa Kwanza. Usicheke, ndivyo tulivyosema, dereva, na ilikuwa kazi ya heshima kuliko hawa wenu wa bodaboda. Wazazi wake walihamia hapo kabla yake. Mzungu aliwapa kipande cha kulima na kuchungia, nao wakamfanyia kazi. Kwa hiyo sikuolewa na Wafula peke yake. Niliolewa na boma zima, na mwenye boma alikuwa baba mkwe, Mzee Khaemba.

Mzee Khaemba hakuwa mtu mbaya. Nataka ujue hivyo, maana nitamsema. Alikuwa mchapakazi, hakulewa, hakumpiga mke wake, na Jumapili alivaa koti lake akaongoza sala. Lakini mila kwake ilikuwa mila. Mke wa mwanawe hakupita karibu na pale alipokaa. Mimi nikimwona njiani niliingia ndani ya mahindi nikangoja apite, hata kama nimebeba mtungi kichwani. Na chakula cha wanaume kilikuwa cha wanaume.

Hebu nikueleze, maana nyinyi mmekula mayai tangu mkiwa na meno mawili. Mwanamke wa boma lile alimkimbiza kuku, akamshika, akamnyonyoa, akampika mpaka nyumba nzima ikanukia, kisha akamtuma mtoto apeleke sahani kwa wanaume, yeye akarudi jikoni kula ugali na mboga ya mrenda. Kuku hakuonja. Yai hakugusa, ati atazaa mtoto asiye na nywele. Nyama nzuri akiwa na mimba alikatazwa, ati mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Na ini la ng'ombe, hilo hata kulitaja mwanamke hakutaja. Walichinja, wakalichoma pale pale, wakalimaliza wazee. Ati mwanamke akila ini anakuwa na kichwa kigumu. Hilo moja, nakubali, lilikuwa kweli.

Aliyeshika sheria hizo kuliko wote alikuwa mama mkwe. Tulimwita Mayi. Mwembamba, mrefu, mchache wa maneno. Alikuwa na binti mmoja, Nasimiyu, dada yake Wafula, ambaye sikumkuta. Mwaka mmoja kabla sijaolewa alirudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, akafa yeye na mtoto. Walimzika nyuma ya ghala la mahindi. Watu walisema amerogwa na watu wa mumewe, wengine wakasema ni siku yake tu. Mayi hakusema lolote. Jina la Nasimiyu halikutajwa mbele yake, na ukilitaja kwa bahati mbaya alinyanyuka akaenda kutafuta kuni, hata kama kuni zipo.

Basi nikapata mimba. Mwanzoni nilicheka tu, nikaimba, nikapalilia mahindi ya mzungu kama kawaida. Mimba ilipoanza kuonekana, nguvu zikaniisha. Kutoka mtoni kupanda nyumbani nilikuwa napumzika njiani kama ajuza. Moyo unadunda nikiwa nimekaa tu. Nikiinama kuchochea moto nikisimama dunia inazunguka. Viganja vikawa vyeupe, midomo ikawa ya mtu aliyelamba unga. Nyapara alinifokea shambani kwamba najifanya mgonjwa, na mimi sikuwa na pumzi hata ya kumjibu, mimi ambaye unanijua.

Na hamu ikanishika, hiyo hiyo yako. Udongo. Siyo udongo wowote, udongo wa kichuguu, ule mwekundu wenye harufu ya mvua ya kwanza. Nilikuwa naumega na kuumumunya mchana kutwa. Nani alikuwa ananiletea? Mayi mwenyewe. Alikwenda mbali na jembe, akachagua kichuguu kizuri, akaufunga udongo kwenye jani la ndizi akaniwekea kando ya mto wangu. Ndiyo huruma yake. Hakujua namna nyingine ya kumpenda mwenye mimba, kwa sababu na yeye aliletewa hivyo hivyo na mama mkwe wake. Nami nilikula nikamshukuru.

Siku moja nikaanguka na mtungi. Nilizinduka Wafula ananipepea na kofia yake. Hapo babu yako, ambaye hakuwa mtu wa kuamua mambo haraka, aliamua. Akamwomba dereva wa lori la maziwa, nikapakiwa katikati ya makopo, tukaenda hospitali Kitale.

Nesi aliyenipokea alikuwa mama mmoja Mkikuyu, mnene, mwenye mikono baridi. Alinivuta kope la chini, akatazama, akavuta la jicho la pili. Kisha akanishikia kioo kidogo, akavuta kope lake mwenyewe, akaniambia nitazame la kwake halafu la kwangu. La kwake lilikuwa jekundu kama nyama. La kwangu lilikuwa kama ganda la yai. Akasema damu yangu imekuwa maji. Mtoto anajengwa kwa damu yangu, na mimi siongezi kitu, natoa tu. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia ugali, mrenda, na udongo. Udongo akanikataza palepale. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akasema vina chuma ndani yake, na akaniambia nile maini, nyama, mayai, maharagwe, mboga za kijani.

Mimi nikacheka. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke hali ini. Nilimweleza kwa majivuno kidogo, unajua vile msichana anavyojivunia kwao, nikidhani yeye ni mtu wa mbali hajui mila za watu.

Hakucheka. Alifunga vidonge kwenye karatasi, akanitazama, akasema, "Sawa. Uzae na damu hii, imwagike hiyo kidogo uliyo nayo. Siku ya matanga yako watachinja ng'ombe, na ini watakula hao hao."

Mwanangu, maneno hayo yalinikaa kifuani njia nzima, kutoka Kitale mpaka Kwanza.

Nilianza vidonge. Na kweli roho ilichafuka, kama yako. Kisha choo kikawa cheusi, cheusi ti, kama masizi ya chungu. Nikaogopa. Nikafanya anachofanya kila mke kijana akiogopa, nikamwambia mama mkwe. Mayi akaja akaona, uso ukambadilika. Akasema dawa hiyo inaniunguza ndani, hayo ni makaa ya tumbo langu yanayotoka. Alichukua karatasi nzima ya vidonge akaitupa chooni. Kisha akaniletea udongo mpya.

Pale ndipo kichwa changu kigumu kilipoanza, kabla hata ya ini. Nilikuwa nimelala, sina nguvu ya kukaa. Nikamuuliza, taratibu, si kwa kumkosea adabu. Nilimuuliza hivi: "Mayi, Nasimiyu alikula yai gani hata akafa?"

Alisimama tu. Nilidhani atanipiga. Alitoka akaenda kutafuta kuni, na tangu hapo siku nyingi hakunisemesha. Chakula aliniletea, akaweka, akaondoka. Udongo hakuleta tena, lakini sikujua kama ni hasira au ni nini. Mimi niliendelea kulegea. Usiku miguu ilivimba. Nilianza kufikiria nyuma ya ghala la mahindi, kwamba pale kando ya Nasimiyu kuna nafasi.

Sasa ni wakati wa kulima, mvua iko karibu. Wafula alikuwa na ng'ombe wake wa mbele kwenye plau, dume jeupe lenye baka shingoni, aliyempa jina Sukari. Alimpenda ng'ombe yule, nilikuwa hata namwonea wivu. Asubuhi hiyo Sukari alitumbukiza mguu kwenye shimo la muhanga, ukavunjika. Mzungu akaja, akatazama, akasema achinjwe na nyama iwe ya watu wa shamba. Akarudi kwenye gari lake. Wafula alikaa mbali chini ya miti ya mipaka, amefunika uso na kofia, anamlilia ng'ombe wake.

Watu wote wa shamba wakakusanyika karibu na josho la ng'ombe. Wanaume wakachuna. Sisi wanawake tukasimama upande wetu na mabeseni yetu, tunangoja matumbo, kichwa na kwato. Nilikuja nikijikokota kwa sababu nilitamani hata harufu. Wakatoa ini. Wakawasha moto mdogo, wakalikata vipande vinene, wakalitupa juu ya makaa. Baba mkwe na wazee wenzake wakaketi kuzunguka moto kwenye magogo. Wakaanza kuongea mambo ya mvua, wamestarehe, kama watu wanaongoja haki yao.

Na mimi nikaona matanga yangu. Sikuota, niliona mchana kweupe. Wazee hao hao, kwenye magogo hayo hayo, wanaongea mambo ya mvua. Ng'ombe mwingine amechinjwa. Mimi niko nyuma ya ghala. Na ini liko pale kwenye makaa, linanukia vizuri, kama siku zote.

Nikaweka beseni chini. Nikatembea. Wanawake walidhani nimechanganyikiwa, mmoja akanishika kanga, nikamwachia kanga. Kutoka upande wetu kwenda kwao hakukuwa mbali, lakini hakuna mwanamke aliyekuwa ameitembea njia hiyo, na pumzi nilikuwa sina. Nikafika nikihema. Mimi ambaye sikuwahi kusimama mbele ya baba mkwe wangu, nikasimama mbele yake na tumbo langu, kichwa wazi.

Nikasema, "Mimi nikifa mtachinja, na ini mtakula. Naomba langu leo, nikiwa hai."

Nikainama nikachukua kipande kwenye makaa kwa mkono. Uone kidole hiki, alama bado ipo. Nikaling'ata. Damu ikanichirizika kidevuni, moto umenichoma mdomo, nami natafuna. Hakuna aliyesogea. Nadhani hawakuamini macho yao. Nilimeza, nikang'ata tena, na machozi yananitoka, siyo ya huzuni, mwanangu, ya utamu. Mwili ulikuwa unalia kama mtoto aliyepewa ziwa.

Baba mkwe akasimama. Hakupiga kelele, yeye hakuwa mtu wa kelele. Alimwita Wafula, akamwambia mke wake arudi Bungoma kwa baba yake siku hiyo hiyo, na hiyo mimba aliyoitia mwiko arudi nayo. Wazee wakaguna kumuunga mkono. Wafula alikuja kutoka kwenye miti, macho mekundu. Akasimama nyuma yangu. Hakusema neno. Nilitaka aseme, na nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi, lakini leo namhurumia. Kusimama nyuma yangu mbele ya baba yake, kwake yeye ilikuwa ni kusema.

Ndipo Mayi akaja. Alitoka kwa wanawake na beseni lake kiunoni, anatembea bila haraka. Kila mtu alijua amekuja kunikokota. Hata mimi nilijua. Nikamalizia kipande haraka ili akinikokota niwe nimemeza.

Akaweka beseni chini, akamtazama mumewe. Nilikuwa sijawahi kumwona akimtazama usoni mbele za watu.

"Nasimiyu hakula ini," akasema. "Hakula yai. Hakula kuku, hata mchuzi wake. Kila nililomwambia alifuata. Nilimwosha mimi, na ulimi wake ulikuwa mweupe hivi hivi kama wa huyu. Mkachinja fahali. Ini alikula nani?"

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba mambo ya marehemu hayasemwi mbele ya chakula, akajikuta anaongea peke yake, akaacha.

Mayi akainama, akachukua kipande, akakigawa mara mbili. Kikubwa akanipa. Kidogo akatia mdomoni mwake. Mwanamke mzima, aliyezaa na kuzika, ndiyo kwanza anaonja. Akatafuna. Akakunja uso, akatafuna tena, akameza kwa taabu. Akawageukia wazee akawauliza kama ndicho hiki walichokuwa wanawanyima wanawake miaka yote, na mbona hata nyongo hawajui kuitoa. Ini lilikuwa chungu upande mmoja. Walikuwa wanakula uchungu huo tangu ujana wao, hakuna aliyethubutu kusema.

Wanawake upande ule wakacheka. Kwanza mmoja, akijaribu kujizuia na kanga, kisha wote. Kicheko hicho ndicho kilichowashinda wazee, si mimi. Mzee Khaemba alichukua fimbo yake akaondoka, na wenzake wakapata sababu za kuondoka mmoja mmoja. Jioni aliporudia maneno ya kunirudisha Bungoma, Mayi alimwambia nikienda tutakwenda wote wawili, maana na yeye ni wa Bungoma na njia anaijua. Hakurudia tena.

Sasa usije ukadhani ini moja linaponya. Ndiyo maana sipendi hadithi zinazokwenda mbio. Nilikuwa bado mgonjwa. Lakini wiki hiyo Mayi alivaa nguo yake ya kanisani, akapanda lori la maziwa pamoja nami. Mbele ya yule nesi aliuliza habari ya choo cheusi, akiwa mkali, kama aliyeleta kesi. Nesi akamweleza kwamba ni kile chuma cha dawa, kinachobaki hutoka na choo, hakiunguzi mtu. Mayi akauliza kama ni chuma cha jembe. Nesi akacheka mpaka akashika meza. Kisha akamvuta Mayi kope la chini, akamwandikia vidonge na yeye. Tulirudi nyumbani tumekaa juu ya makopo matupu, kila mmoja na karatasi yake. Hakunisemesha, lakini lori liliporuka kwenye mashimo alinishika tumbo kwa mikono yote miwili.

Tangu hapo nilikula mayai. Aliyachemsha mwenyewe, akanikalia mbele mpaka nimeze. Nilikula kunde, maharagwe, mboga ya managu, na kila aliyechinja jirani alijua Mayi atafika na sahani kudai kipande cha ini cha mkwe wake. Miguu ikaanza kunibeba. Hamu ya udongo ilinitoka taratibu, siku moja nikagundua tu kwamba sijautafuta. Siku za kujifungua zilipokaribia tulihamia Kibomet kwa jamaa wa Wafula, ili niwe karibu na hospitali, maana nesi alikataa kabisa nizalie shambani.

Nilizaa, na damu ikatoka nyingi. Nilisikia watu wanakimbia, nikaona uso wa yule nesi juu yangu umekauka. Baadaye, nilipoweza kukaa, aliniambia bila kupamba kwamba kwa ile damu niliyokuja nayo mara ya kwanza, nisingeamka. Mayi alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Mtoto alikuwa msichana. Hakuwa mkubwa wa kushindwa kutoka, na nywele alikuwa nazo mpaka shingoni. Mayi akampokea, akamgeuza huku na huku, akatafuta kasoro, akakosa. Kisha akamwita Nasimiyu. Kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wageni. Akaliita tena na tena, hata mtoto akalala yeye bado analiita.

Huyo ndiye mama yako, Nafula. Ndiyo maana nimesema hadithi ni yako.

Baba mkwe hakula chakula cha mkono wangu mpaka alipokufa. Alingoja Mayi apike. Hakunisamehe, nami sikumwomba msamaha, na tuliishi boma moja hivyo hivyo, tukiheshimiana kwa mbali. Huu mtindo wa siku hizi wa kutaka kila mtu akubali ndipo ufanye jambo lako, mimi siujui. Kuna watu hawatakubali. Wewe kula.

Haya, sasa nakugombeza. Huo udongo tupa. Sikulaumu kuutamani, mwili wako unalilia kitu usichoupa, lakini udongo unakudanganya na unaila hata ile damu uliyo nayo. Vidonge rudia leo. Kama vinachafua roho, meza baada ya chakula cha jioni ulale navyo, na ikizidi mwambie nesi akubadilishie, usimwambie kabati. Meza kwa maji, au kwa maji ya ndimu, siyo kwa chai, maana siku hizi wanasema chai inavifunga. Choo kikiwa cheusi usije kuniamsha. Mayai kula, maharagwe kula, kunde kula, dagaa kula, nyama ikipatikana kula usione haya. Ini usile kila siku kama mkate, uliza kliniki kiasi chake, wao ndio wanajua. Na ukiona pumzi inakupotea, moyo unadunda umekaa, uso umevimba, usingoje mtu akuruhusu. Panda hata lori la maziwa.

Na mume wako ambaye anajifanya anatengeneza baiskeli hapo nje, mwambie namwona. Siku akichinjiwa kuku, na firigisi akaiweka mdomoni kabla wewe hujala, aje anieleze mimi sababu. Bado nina mkono wa kushika makaa.

Siku yangu ikifika, mwanangu, najua mtachinja. Wazee watakaa kwenye viti vyao waongee mambo ya mvua. Wewe nenda pale motoni, umebeba mtoto wako, uchukue ini. Gawa kwa wasichana wote wenye mimba watakaokuwa hapo, kwanza wao, na nyongo uitoe vizuri. Ndiyo matanga ninayoyataka.

Leta kichwa nikushike. Mungu wa Mayi na wa Nasimiyu wote wawili akupe damu nzito na moyo usiotetemeka. Uzae ukiwa umesimama imara, uinuke na miguu yako, umnyonyeshe mwanao mpaka akuchoshe. Wakikusonya, unenepe. Na mkono huu ubarikiwe, lakini kwanza ufungue, nione kama hauna kitu.